Kura za Kupangwa Kwenye Mijadala ya Mtandaoni: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua Bila Kumwonea Mtu

Msimu mmoja wa masika, mkulima aliingia kwenye jukwaa ninalolisimamia akauliza afanye nini, maana viwavijeshi walikuwa wameshaingia kwenye mahindi yake. Afisa ugani mmoja akamjibu kwa utulivu: kagua shamba asubuhi na mapema, tazama ndani ya majani machanga ya katikati, usirudie dawa ya aina moja kila mara maana wadudu huizoea. Baada ya saa moja likaja jibu jingine la mistari mitatu, likitaja dawa moja na namba ya simu ya kuipata. Robo saa haikwisha, jibu hilo lilikuwa na kura 14 za juu, yaani alama ambazo wasomaji hubofya kulipandisha jibu; za chini hulishusha. La afisa ugani lilikuwa limesukumwa chini ya sifuri, likakunjwa, na asiyebofya hakuliona.

Mkulima alinunua ile dawa. Wiki tatu baadaye ndipo tulipogundua kwamba kura zote 14 zilitoka kwenye akaunti ambazo hazijawahi kuandika hata salamu. Mahindi hayakusubiri ugunduzi wetu.

Tangu hapo sichukulii kura kama mapambo. Kura ndiyo inayoamua nani asomwe na nani afichwe, na mara nyingi anayeumia ni mtu wa tatu ambaye hata hajui kwamba kulikuwa na mchezo. Nimeandika mwongozo huu kwanza kwa wasimamizi wanaoweza kuona kumbukumbu za kura, lakini nimeweka pia sehemu ya mwanachama wa kawaida anayeona namba tu kwenye skrini.

Kwa nini kura tatu nne zinatosha

Wasimamizi wengi wapya hutafuta udanganyifu mkubwa, wa mamia ya kura. Huko siko kwenye madhara makubwa. Mwaka 2013 watafiti Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha kwenye jarida la Science jaribio walilolifanya kwa miezi mitano kwenye tovuti ya habari yenye maoni yanayopigiwa kura. Walichukua maoni 101,281, mengine wakayapa kura moja ya juu pale tu yalipoandikwa, mengine kura moja ya chini, na mengine hawakuyagusa. Uchaguzi ulikuwa wa kubahatisha, hivyo ubora wa maoni haukuhusika.

Yale yaliyopewa kura moja ya juu yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 32 wa kupewa kura nyingine ya juu na msomaji wa kwanza aliyeyakuta. Mwishowe alama zake zilizidi za wenzake kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja tu! Zile za chini hazikuleta mporomoko kama huo, maana wasomaji wengine walijitokeza kusahihisha. Kwa hiyo anayejua mchezo huu hahitaji jeshi. Anahitaji marafiki watatu walio macho katika dakika kumi za kwanza. Huko ndiko utakakoelekeza jicho lako.

Hatua ya kwanza: jua unatafuta nini

Kura za kupangwa si za namna moja, na kila namna ina alama zake.

Ya kwanza ni akaunti hewa: mtu mmoja mwenye majina mengi. Mwaka 2014 mtumiaji mmoja wa Reddit, jukwaa kubwa la mijadala la Marekani, aliyependwa na maelfu kwa namna alivyoeleza mambo ya wanyama, alifungiwa baada ya kubainika kwamba alikuwa na akaunti tano za pembeni. Alizitumia kujipandisha na kuwashusha waliobishana naye. Naikumbuka kesi hii kwa sababu majibu yake yenyewe yalikuwa mazuri, na umahiri wake haukumzuia.

Ya pili ninaiita upatu wa kura. Hapa watu ni wa kweli, kila mmoja na akaunti yake, ila wamekubaliana kupeana zamu: leo tunampandisha huyu, kesho yule. Kama ilivyo kwenye upatu wa fedha, kila anayetoa anajua siku yake ya kupokea. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana ukimkagua mmoja mmoja huoni kosa.

Ya tatu ni uvamizi. Kiungo kinarushwa kwenye grupu la WhatsApp au Telegram pamoja na maelekezo, na watu wanaingia kwa mkupuo. Mwaka 2009 jarida la TIME liliendesha kura ya mtandaoni kuhusu watu wenye ushawishi duniani. Watumiaji wa 4chan, jukwaa la watu wasiojitaja majina, walimweka mwanzilishi wa tovuti yao nafasi ya kwanza, kisha wakapanga waliomfuata kiasi kwamba herufi za kwanza za majina 21 ya juu zilisomeka kama maneno waliyoyataka wao. Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu zaidi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na Mozilla, shirika linalotetea intaneti huru, ulieleza jinsi vijana nchini Kenya walivyolipwa kiasi cha dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku ili kuvumisha mada za kisiasa kwenye Twitter, na maelekezo yakipitia kwenye magrupu ya WhatsApp. Ile haikuwa kura ya juu na chini, ila mtambo ni uleule.

Ya nne ni kura za kisasi. Watu wawili wanagombana kwenye uzi, mmoja anafungua ukurasa wa mwenzake na kushusha kila alichowahi kuandika. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote kuitambua, na nitaeleza kwa nini.

Hatua ya pili: jifunze hali ya kawaida ya jukwaa lako

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Huwezi kusema jambo si la kawaida kabla hujaijua kawaida yenyewe, na kawaida ya jukwaa la Kiswahili si ile iliyoandikwa kwenye miongozo ya Ulaya au Marekani.

Chukua siku 30 zilizopita, ambazo hujazishuku, uziweke kura zake kwenye jedwali la Excel au programu yoyote unayoimudu. Pata mambo manne: bandiko la kawaida linapata kura ngapi, kati ya waliofungua uzi 100, wangapi hupiga kura, kura ya kwanza huja baada ya dakika ngapi, na saa zipi za siku kura huwa nyingi. Tumia namba ya katikati (ile inayokaa katikati ukizipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa) badala ya wastani, maana uzi mmoja uliowaka moto unaweza kupotosha wastani wa mwezi mzima.

Kuhusu saa, kuwa makini. Mwongozo mmoja niliousoma nilipoanza ulisema kura za usiku wa manane ni dalili mbaya. Kwetu si hivyo. Watu wengi hununua bando la usiku kwa kuwa ni rahisi, na saa nane usiku jukwaa linakuwa na watu kuliko saa nne asubuhi. Umeme ukirudi mtaani baada ya kukatika nusu siku, utaona kishindo cha kura katika dakika chache, na si mpango wa mtu. Kumbuka pia kwamba seva nyingi huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, ulio nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na kwamba wasomaji wako hawaishi saa moja wote. Saa tisa alasiri ya Dar es Salaam ni saa nane Kigali na saa kumi Muscat.

Hatua ya tatu: soma mwendo wa kura

Bandiko linaloshukiwa lichore kwenye mstari wa muda: kila kura ni nukta. Bandiko lililopendwa kwa haki hupata kura kwa kudunda. Zinakuja mbili, kimya, moja, kimya kirefu, tatu. Kura hufuata wasomaji. Wasomaji wakiongezeka nazo huongezeka, uzi ukishuka ukurasa wa pili nazo hupungua.

Ya kupangwa mara nyingi ina ukuta. Kura 12 ndani ya dakika sita, kisha hakuna tena, ingawa uzi unaendelea kusomwa siku nzima. Tazama nafasi kati ya kura na kura. Zikiwa sekunde 20, 25, 22, 24, fikiria mtu mmoja anayetoka kwenye akaunti moja na kuingia nyingine.

Kisha linganisha kura na usomaji. Kumbukumbu zako zikionyesha kwamba akaunti ilipiga kura sekunde nne baada ya kufungua bandiko la maneno 900, hakusoma. Ni kweli watu wengi hupiga kura bila kusoma hadi mwisho, lakini wakiwa kumi na wote wameamua ndani ya sekunde tano, walikuja wakiwa wameshaamua. Tazama pia njia waliyopita. Msomaji wa kawaida hufika kwenye jibu kupitia orodha ya mada au utafutaji, ilhali wa kupangwa hutua moja kwa moja juu ya bandiko lenyewe, anapiga kura na kuondoka.

Kura za kisasi zinajisaliti hapa kwa mpangilio wake. Utaona akaunti moja imeshusha mabandiko 15 ya mtu yuleyule ndani ya dakika tatu, mengine ya miaka miwili nyuma ambayo hakuna aliyeyafungua kwa miezi. Linganisha mfuatano wa kura hizo na orodha ya mabandiko kwenye ukurasa wa aliyeshushwa. Ukikuta vinalingana, la juu kwanza kisha linalofuata, huhitaji hesabu nyingine. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, wana programu inayopita kila siku kutafuta kura za mfululizo za namna hii na kuzirudisha zenyewe, bila kusubiri mtu alalamike. Kama jukwaa lako lina mtu anayejua kuandika programu ndogo, mwombe aanze na hii.

Hatua ya nne: nani anampigia nani

Huu ndio moyo wa kazi yote. Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Anza na mgawo. Chukua akaunti inayoshukiwa, hesabu kura zote za juu ilizotoa mwezi mzima, kisha hesabu ngapi zilikwenda kwa mwandishi mmoja. Tuseme imetoa kura 50 na 38 zimekwenda kwa mtu mmoja. Hiyo ni asilimia 76. Sasa uliza mwandishi huyo anaandika sehemu gani ya mabandiko yote ya jukwaa. Kama ni asilimia 40 kwa kuwa jukwaa ni dogo na yeye ndiye mwandishi mkuu, asilimia 76 si ajabu sana. Kama ni asilimia 2, una jambo la kuchunguza.

Kisha geuza shilingi. Mwandishi huyo naye anarudisha? Chora watu kwa vitone na kura kwa mishale kwenye karatasi. Jukwaa lenye afya mishale yake huelekea kila upande, na wengi wanaopokea sana hawarudishi kwa waliowapa. Upatu wa kura huonekana kama kijiwe kilichojifungia: watu watano, mishale mizito kati yao, na karibu hakuna mshale unaotoka nje.

Halafu pima kufanana. Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni kile cha Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliyekitumia zaidi ya miaka 100 iliyopita kulinganisha mimea ya sehemu mbili za milima. Chukua idadi ya mabandiko ambayo akaunti mbili zote zimeyapigia kura, igawanye kwa idadi ya mabandiko yaliyopigiwa kura na angalau mmoja wao. Mfano: akaunti ya kwanza imepigia mabandiko 40, ya pili 35, na 30 ni yaleyale. Jumla ni 40 ongeza 35 toa 30, yaani 45. Gawanya 30 kwa 45, unapata 0.67. Sasa pima wanachama wawili wa zamani unaowaamini: mmoja 120, mwingine 90, ya pamoja 14. Jumla 196, jibu 0.07. Tofauti ya 0.67 na 0.07 haihitaji mtaalamu wa takwimu kuieleza.

Kabla ya kupima, ondoa mabandiko yaliyopendwa na karibu kila mtu. Tangazo la matokeo ya mtihani wa taifa lililopata kura 400 litafanya watu wasiojuana waonekane ndugu. Wenye kusema ni yale mabandiko madogo, yenye kura sita au nane, ambayo akaunti zilezile hukutana kila mara.

Wanaoshuku hesabu hizi huniuliza: je, haiwezi kuwa bahati? Ipime. Tuseme una wapiga kura 300 hai, na bandiko la kawaida linapata kura 10. Kama kura zingekuja kwa bahati tupu, uwezekano wa watu wawili fulani kukutana kwenye bandiko moja ni 10 mara 9, gawanya kwa 300 mara 299. Hiyo ni karibu mara moja katika mabandiko 1,000. Wakikutana mara 30 kwa mwezi, bahati haipo tena. Lakini soma sentensi hii polepole: kwamba si bahati haina maana kwamba ni hila. Watu hawapigi kura kwa bahati, hupiga kwa mapenzi, na mapenzi nayo huwakutanisha. Ndiyo sababu kuna hatua ya saba.

Hatua ya tano: historia ya akaunti

Hapa pita haraka. Akaunti zilizofunguliwa siku moja au wiki moja; majina yenye muundo mmoja, jina na tarakimu nne; kura nyingi bila bandiko hata moja; akaunti iliyolala mwaka mzima ikaamka siku ya mzozo. Kila moja peke yake ni dalili nyepesi. Kuna wasomaji wema ambao hawajawahi kuandika neno na hupiga kura kila siku, nao ni wengi kuliko waandishi. Usimhesabie mtu ukimya wake kuwa kosa.

Kama akaunti zinaandika, soma lugha yake. Mtu hubadilisha jina upesi kuliko anavyobadilisha mkono wa kuandika. Ataacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza kila mara, au ataandika "hili" badala ya "ili" kwenye akaunti zote tatu.

Hatua ya sita: anwani ya IP, na kosa nililolifanya

Nilipoanza kazi hii nilifungia akaunti 11 kwa usiku mmoja. Zote zilikuwa na anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha laini ya intaneti mtu anayoingilia, na zote zilikuwa zimempandisha mwandishi mmoja. Niliona ushahidi umekamilika. Asubuhi nikapata barua pepe ya binti mmoja, yenye adabu kuliko nilivyostahili, akieleza kwamba wao ni wanafunzi wa hosteli moja, wanatumia Wi-Fi moja, na mwandishi yule ni mwenzao aliyeandika kuhusu mama yake aliyefariki. Walikuwa wameusoma uzi pamoja, chumbani. Nilizifungua akaunti zote na kuomba radhi mbele ya jukwaa zima. Wanne hawakurudi tena, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo nasema kwa mkazo: anwani moja ya IP si mtu mmoja. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi, wasiojuana, nyuma ya anwani moja kwa kuwa anwani za aina ya zamani hazitoshi. Wengi wa wasomaji wetu wanaingia kwa simu, hivyo jambo hili linatugusa kuliko nchi ambazo kila nyumba ina laini yake. Ongeza ofisi, vyuo, migahawa ya intaneti na simu moja inayotumiwa na mke, mume na watoto. Kwa upande wa pili, mjanja akizima na kuwasha data anaweza kupata anwani mpya, au akatumia VPN, huduma inayoficha anwani yake halisi.

Anwani ya IP itumie kuunga mkono jambo ulilolipata kwenye hatua ya tatu na ya nne, kamwe usianze nayo. Kinachosaidia zaidi ni mpishano: akaunti ya kwanza inatoka saa 2:14 usiku, ya pili inaingia 2:15, inapiga kura, inatoka 2:16, ya tatu inaingia. Wanafunzi 11 chumbani huwa mtandaoni kwa wakati mmoja. Mtu mmoja hupishana na nafsi yake na hayupo mahali pawili kwa dakika moja.

Taarifa hizi ni za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wasimamizi wawili au watatu tu waweze kuziona, na zisitumwe kwenye grupu la WhatsApp la wasimamizi hata kwa picha ya skrini.

Hatua ya saba: itetee akaunti unayoishuku

Kaa chini ujifanye wakili wake. Andika maelezo yote mema unayoweza kuyafikiria, kisha tafuta kipimo kitakachotenganisha wema na hila.

Chukua mashabiki wa mpira. Siku ya Simba na Yanga, mashabiki mia wa Yanga watapandisha mabandiko yaleyale, kwa muda uleule, na kushusha yaleyale ya upande wa pili. Kipimo cha Jaccard kitapiga kelele. Lakini angalia wanampandisha nani: kila anayeisifu Yanga, awe mgeni wa jana au mwanachama wa miaka kumi. Shabiki hufuata timu, ilhali akaunti ya kupangwa humfuata mtu. Mwandishi akihama kutoka mada ya mpira kwenda mada ya mapishi, shabiki hamfuati. Akaunti hewa itamfuata hadi jikoni. Kipimo hiki kimenisaidia kuliko hesabu zote: *badilisha mada, uone nani bado yupo.*

Kiungo kilichorushwa kwenye grupu la familia au la kanisa nacho kinaleta ukuta wa kura. Hapa tazama kinachofuata. Wageni wa kweli wengine husoma nyuzi nyingine, wengine huandika maoni, hata ya kubishana. Waliotumwa hawaangalii kushoto wala kulia. Na kwa upatu wa kura, tazama mabandiko mabovu ya mmoja wao: kila mwandishi ana siku ya kuandika hovyo. Kama bandiko lake lenye mistari miwili isiyo na maana limepata kura zilezile sita kutoka kwa watu walewale, hawakuwa wanapima maandishi.

Maelezo mema yakibaki na nguvu baada ya haya, acha. Weka alama kwenye daftari lako, rudi baada ya wiki mbili.

Hatua ya nane: kuamua

Mimi hudai dalili tatu za aina tofauti kabla ya kuchukua hatua: moja ya muda, moja ya mahusiano, moja ya akaunti au kifaa. Dalili tatu za aina moja nazihesabu kama moja. Msimamizi wa pili anasoma faili bila kuambiwa mimi nimefikiri nini, na kama mshukiwa amewahi kugombana na mmoja wetu, huyo hakai kwenye shauri.

Anza na kura kabla ya mtu. Ziondoe kura zinazoshukiwa, bandiko lirudi mahali lilipostahili, aliyeshushwa apate haki yake. Hilo linaweza kufanyika siku hiyohiyo bila kumtuhumu yeyote. Kisha mwandikie mhusika faraghani kwa lugha ya heshima: "Ndugu, tumeona mpangilio wa kura usio wa kawaida kuzunguka mabandiko yako. Unaweza kutusaidia kuelewa?" Wengi wa upatu wa kura, hasa vijana, hukiri na kuacha. Kumbuka pia kwamba anayefaidika na kura si lazima awe ndiye aliyezipanga. Nimeshaona adui akimpandisha mtu kwa kura hewa ili afungiwe.

Akaunti hewa zifungwe zote, ile kuu ipewe adhabu yenye mwisho, na njia ya kukata rufaa iwe wazi na isikilizwe na msimamizi ambaye hakuwepo. Unapotangaza, taja kosa na uamuzi. Usitaje viwango vyako vya kupima, maana kesho watapiga kura kwa nafasi ya dakika saba badala ya sekunde 20.

Kama wewe ni mwanachama tu

Huoni majina ya waliopiga kura. Reddit, Stack Overflow na Hacker News (jukwaa la habari za teknolojia) huyaficha. Hata hivyo una macho. Tazama bandiko lenye kura nyingi na maoni sifuri ilhali mengine ya idadi hiyo yana maoni kumi. Tazama jibu baya lililopaa katika dakika za kwanza, na jibu zuri lililozama kabla mtu hajalijibu. Piga picha ya skrini yenye saa, rudia baada ya dakika tano, kisha wapelekee wasimamizi kimyakimya.

Usilihukumu jambo kwa namba kupanda na kushuka kidogo. Reddit huchezesha namba za kura kwa makusudi ili kuwavuruga wadanganyifu, hivyo ukifungua upya ukurasa na kuona 41 badala ya 43, hakuna aliyeshusha. Na tafadhali usiandike uzi wa kumtuhumu mtu hadharani. Ukikosea umemvunjia jina, na ukiwa sahihi umemwonya.

Kuupunguza mchezo kabla haujaanza

Kwa kuwa kura za mwanzo ndizo zenye nguvu, zifiche. Reddit huwaruhusu wasimamizi kuficha alama za maoni kwa muda baada ya kuandikwa. Sisi tunaficha kwa saa mbili na malalamiko yamepungua sana. Mfanye mgeni aishi kidogo kabla ya kupewa haki ya kupiga kura: kwa miaka mingi Stack Overflow imemtaka mtu awe na pointi 15 ndipo apandishe, na 125 ndipo ashushe, na anayeshusha jibu hulipa pointi moja yake mwenyewe. Napenda busara ya hiyo pointi moja. Haimzuii mwenye hoja, ila mwenye hasira anayetaka kushusha mabandiko 15 ataona mfuko wake ukipungua.

Faili la kila shauri litunze kwa tarehe, dalili, maelezo mema uliyoyakataa na sababu ya kuyakataa. Siku 30 baada ya uamuzi, pima tena watu walewale kwa vipimo vilevile, na umtazame hasa yule aliyekuwa ameshushwa kwa hila: je, amerudi kuandika? Kama bado amekaa kimya, mwandikie.